Lumbesa

Mwalimu Ndahani ameleta karatasi sokoni,
kanikuta mikono imejaa vumbi la mahindi,
akaiweka juu ya mzani; mshale haukutikisika.
"Mama Nyemo, weka sahihi. Binti apande.
Kwa hawa wa chini ya miaka kumi na tatu, amewamaliza."
Amewamaliza! Kama anazungumzia panya.

Mimi softiboli siijui vizuri.
Najua kuna rungu, kuna glovu ya mkono mmoja
(mwaka mzima nilidhani ya pili imepotea),
najua mwanangu husimama katikati ya uwanja wa shule,
upepo wa kiangazi ukimvuta sketi kuelekea Mbande,
anazungusha mkono kama anayeteka kisima kirefu
na mpira unafika kabla ya macho.
Alianza na rede, hapo uani,
kwa soksi ya baba yake iliyoshindiliwa matambara.
Ikafika mahali hakuna mtoto wa jirani
aliyekubali kukaa kati.

Wale wakubwa nimewaona Jumamosi.
Wana mabega. Mmoja, Mbeleje,
ana miaka kumi na sita na hucheka kama mwanamke mwenye duka.
Mpira wao ni mkubwa zaidi; mwalimu alituazima mmoja.
Nikavishika vidole vya Nyemo, nikavipima juu yake:
cha kati hakikufika kwenye mshono.
Na kutoka anaposimama hadi kwa mdakaji
wameongeza hatua mbili.
Hatua mbili, watu husema, si kitu.
Waulize wachukuzi wanaopanda ubao wa lori.

Hapa Kibaigwa nashona magunia mwaka wa kumi na nne.
Lumbesa naijua nikiwa nimefumba macho:
gunia limeshiba, mtu analiongezea kichwa,
anakifunga kamba, na bado analiita gunia moja.
Mnunuzi analisifu.
Kabla ya Gairo limeshapasuka ubavuni
na hakuna anayerudi kuokota.

Lakini nayajua pia mahindi yanayobaki ghalani
yakingoja bei, yakingoja bei.
Kwa nje ni meupe. Ukitia mkono, ni unga.
Dumuzi hana haraka.

Baba yake yuko Singida kwenye alizeti.
Kwenye simu kasema, "Fanya unavyoona,"
neno la mtu asiyeona.
Nyemo mwenyewe nilimuuliza tukichambua mlenda.
Hakusema apande wala asipande. Aliuliza,
"Huko nani atanidakia?"
Kumbe ni Semeni. Semeni mwenye pengo,
anayejua kwa kutazama bega tu
kama mpira utakuja chini au juu.
Semeni hajaandikiwa karatasi.

Usiku nikasikia: puu. Kimya. Puu.
Nikahesabu hadi arobaini, usingizi ukanichukua.
Asubuhi, gunia lililoegemea ukuta wa jiko
linavuja mahindi, uzi mwembamba,
na kuku wamekwisha kujipanga.
Tundu moja.
Arobaini na zaidi, gizani, tundu moja,
ningeweza kuliziba kwa kidole gumba.

Nikachukua shazia, nikashona.
Shono langu linajulikana soko zima:
naacha vidole vinne mdomoni,
gunia lipate pa kupumulia.
Kisha nikanawa, nikaandika nyuma ya karatasi,
maana mbele waliacha nafasi ya jina tu:
*Jumamosi afanye mazoezi na wakubwa, Semeni awe naye.
Mechi acheze na wa rika lake
mpaka mahindi mapya yaingie.
Hapo tutampima tena, vidole juu ya mpira.*

Mwalimu kasoma, kakuna kidevu, kageuza, kasoma tena.
"Mama Nyemo, hii si ndiyo wala si hapana."
Nikamwambia asogee kidogo.
Alikuwa amekanyaga mzani.